Kabla Jiwe Halijasagwa

Jiwe la malakiti linapotoka ardhini halina uzuri wa kumvuta mtu. Limefunikwa udongo mwekundu, lina vinundu, na ukilipangusa linakuachia vumbi la kijani vidoleni. Mimi hulimwagia maji kabla ya kuuliza bei. Maji huamsha mistari yake: kijani kilichokolea, kijani chepesi, kisha mstari mwembamba unaokaribia weusi, yote ikizungukana kufuata vile jiwe lilivyokua tabaka kwa tabaka. Halafu naligonga kwa nyundo ndogo na kutega sikio. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Lenye ufa hujibu kwa sauti iliyokufa. Hilo silichukui hata likiwa zuri vipi, maana litanipasukia mkononi wakati wa kulisugua, baada ya jasho lote kwisha kumwagika.

Kazi yangu ni kuchonga malakiti na kufua picha kwenye mabati ya shaba, hapa Kolwezi, jimbo la Lualaba. Nchi yetu sasa hutoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka katika jimbo hili. Inaondoka juu ya malori ikiwa mabamba mazito, ikageuzwe nyaya na mota nchi za mbali. Mafundi tunaoitengeneza hapa hapa, kwa mikono, ni wachache. Lakini kazi hii ina umri mkubwa kuliko kampuni yoyote ya madini.

Jiwe nalikata kwa msumeno wa duara wenye chembe za almasi, maji yakitiririka muda wote. Maji hayo si ya kupoza chuma peke yake. Vumbi la malakiti ni vumbi la shaba, linadhuru mapafu, na ninawasihi vijana wanaojifunza wasikate wala kusugua jiwe kavu, hata kwa dakika moja, hata umeme ukiwa unakaribia kukatika na mteja anasubiri. Wavae barakoa. Maji ya kijani yanayobaki chini wasiyamwage mahali kuku na watoto wanapopita.

Jiwe la malakiti si gumu. Katika kipimo ambacho almasi ina 10, lenyewe lina kati ya 3.5 na 4. Kisu cha chuma kinalikwaruza. Ndiyo maana linachongeka, na ndiyo maana linaharibika upesi. Baada ya msumeno huja jiwe la kunolea, kisha msasa wa maji, kuanzia ule mkali mpaka ule ulio laini kabisa, na mwisho kitambaa na nta. Msasa ndio unaowashinda wengi. Ukiruka ngazi moja ili umalize mapema, mikwaruzo yake itajitokeza chini ya nta, na itabidi urudi mwanzo. Kutengeneza kisanduku cha malakiti ni kazi ngumu kuliko kuchonga yai: unakata vipande vyembamba, unavipanga mpaka mistari ya kipande hiki iingie katika mistari ya jirani yake, na mianya unaiziba kwa unga wa jiwe lenyewe uliochanganywa na gundi. Kisanduku kizuri hukioni kimeunganishwa wapi.

Kwa bati la shaba ninahitaji vitu vichache tu: nyundo, misumari mikubwa niliyoinoa kwa maumbo mbalimbali, mfuko wa mchanga na mbabula wa mkaa. Nachora picha, naifuata kwa msumari upande wa mbele, nageuza bati na kusukuma umbo kwa nyuma mpaka shavu la mama anayetwanga litokeze, kisha narudi mbele kusafisha kingo. Shaba inapigwa, inakaza. Ukiendelea kuigonga ikiwa imekaza, inachanika. Kwa hiyo naiweka motoni mpaka iwe nyekundu, naitumbukiza majini, nayo inalainika tena. Feleji ukiifanyia hivyo inazidi kuwa ngumu. Shaba ina tabia yake. Mwisho napaka rangi nyeusi kwenye mabonde ya picha, nafuta vilele ving'ae, napiga vanishi ili hewa isiirudishe kwenye ukijani.

Nkambo wangu mzaa mama ndiye aliyenifundisha kuitazama nchi yenyewe. Alinionyesha vilima vya shaba, vilivyo na majani mafupi bila miti, kwa sababu udongo wake una shaba nyingi mno kwa mizizi ya miombo. Huko huota ua dogo la zambarau ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense, na watu wengi, ua la shaba. Linastahimili udongo unaoua mimea mingine. Waakiolojia nao wamelitumia: mahali lilipoota kwa wingi, wamechimba na kukuta majivu na mabaki ya tanuri za kale.

Wasubu wa zamani, hasa Wasanga walioitwa wala shaba, walifanya kazi wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha na mashimo yamekauka. Walichimba malakiti kwa zana za chuma, wakaiponda, wakachagua vipande vyenye kijani kingi. Tanuri walijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu ule udongo wa mchwa umeshikana na unavumilia moto. Ndani waliweka mkaa na jiwe, na kwa nje vijana wakavukuta mivukuto ya ngozi, hewa ikiingia kwa mirija ya udongo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, joto ambalo moto wa kupikia haulifikii. Bila mivukuto ungepata majivu matupu. Msubu mkuu alikuwa na miiko yake na dua zake, na wakati wa kusubu wanaume walijitenga na wake zao. Mimi naheshimu hayo. Kazi inayoweza kuharibika kwa pumzi chache za upepo mbaya inamtaka mtu awe hapo kwa moyo wote.

Shaba iliyoyeyuka waliimimina katika kalibu za umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilisafiri mbali. Katika makaburi ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, uchimbaji wa mwaka 1957 na 1958 ulipata vitu vingi vya shaba, na katika bonde hilo la Upemba shaba haichimbwi. Ilitoka kwetu kusini. Kadiri karne zilivyopita misalaba ikawa midogo zaidi na ya kipimo kinachofanana, ikawa fedha. Katanga, jimbo letu la wakati huo, ilipojitenga mwaka 1960 ilitia misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka 1961 ikautia msalaba kwenye sarafu.

Wayeke walileta ufundi mwingine. Msiri, mtawala wao, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, alijenga makao yake Bunkeya, na mafundi wake walivuta waya: fimbo ya shaba ilipigwa ikawa nyembamba, ikapitishwa kwa nguvu katika tundu la bamba la chuma, kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, mpaka ukatoka uzi wa kuzungushia bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikamimina shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911, na tanuri za vichuguu zikazimika. Mwaka 1926 mmisionari de Hemptinne alichapisha maelezo ya usubu wa Wasanga, na mengi tunayoyajua juu ya hatua zake yametoka humo.

Leo tatizo langu si soko. Ni jiwe. Migodi mikubwa inapasua mwamba kwa baruti kisha inausaga, na jiwe lililopitiwa na baruti lina nyufa hata pale ambapo jicho halioni. Mawe mazima nayapata kwa wachimbaji wa mikono, nao wanawahi soko la Musompo, ambako mzigo unauzwa kwa uzito na kwa asilimia ya shaba. Malakiti safi ina karibu asilimia 57. Kwa mizani ya pale, jiwe lenye duara zilizokamilika na jiwe lililovurugika yana bei moja, yote yanakwenda kwenye asidi. Naona ni hasara kubwa. Ninaomba migodi iweke kando mawe yenye mistari kabla ya kinu, hata magunia machache kwa mwezi, na iwauzie mafundi kwa bei ileile ya asilimia. Haitapoteza kitu, na kijana mmoja atapata kazi ya wiki nzima kutoka kilo chache.

Nawe ukinunua, shika kwanza. Malakiti ya kweli ni nzito kuliko unavyotazamia na ni baridi mkononi. Plastiki inapata joto haraka. Tazama mistari: ya asili haina upana mmoja, na haijirudii. Ukifika nayo nyumbani usiisafishe kwa siki wala limau, asidi itailia ng'aro siku hiyo hiyo. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, kisha ikaushe.