Mtoto agaagaapo kwa hasira, ufanyeje?

Umeingia dukani jioni ukitoka kazini, ukiwa na mwanao wa miaka 2. Umekuja kununua maziwa na mkate tu. Mkifika mahali pa kulipia, mtoto anaona peremende. Unamkatalia. Papo hapo anajitupa sakafuni, anapiga mateke na kulia hadi kila mteja anageuka kutazama.

Aibu inakushika. Mmoja ananong'ona kwamba mtoto huyo amedekezwa mno, mwingine anasema dawa yake ni kiboko. Basi unamnunulia peremende ili anyamaze, au unamzaba kofi ili watu waone kwamba hushindwi na mtoto.

Kwa vyovyote vile, hukumshughulikia mtoto bali watazamaji. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea.

Chanzo chake

Hasira za namna hii ni za kawaida kwa watoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4. Katika umri huu mtoto ameanza kutambua kwamba ana matakwa yake mwenyewe, lakini maneno ya kuyaeleza bado ni machache.

Isitoshe, sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kujizuia, bado ni changa. Kwa hivyo, usidhani kila mara anakufanyia kusudi.

Njaa, uchovu na usingizi huzidisha mambo. Mtoto aliyekosa kulala mchana, kisha akakaa saa nzima katika matatu iliyokwama kwenye msongamano, hahitaji sababu kubwa ili aanze kulia. Ikiwezekana, mpe chakula na apumzike kabla ya kutoka naye.

La kufanya

Kwanza, tulia wewe mwenyewe. Ukipaza sauti, naye atapaza zaidi. Ikiwa yuko karibu na barabara au jiko, mwinue umwondoe bila maneno mengi.

Inama hadi kimo chake, umwambie kwa sauti ya chini: "Najua umekasirika. Leo hatununui peremende." Kisha nyamaza, ukae karibu naye. Mara nyingi hasira hizo huisha baada ya dakika chache. Akitulia, mkumbatie, wala usianze kumhubiria.

Usimpe kile alicholilia. Ukimpa hata mara moja moja, atajifunza kwamba akilia kwa muda mrefu zaidi atapata.

Aidha, watu wote nyumbani wawe na neno moja. Mama akikataa, baba akitoa, na yaya akiwasha televisheni ili mtoto anyamaze, mtoto hatajua afuate lipi. Keti na yaya mkubaliane. Nyanya akija kuwatembelea, mweleze naye kwa heshima.

Vile vile, mpe mtoto nafasi ya kuamua mambo madogo. Muulize, "Utavaa shati jekundu au la kijani?" Anayepewa nafasi ya kuchagua huwa na machache ya kupigania.

Je, achapwe?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini kumkunja si kumvunja. Kofi humnyamazisha mtoto kwa hofu, na humfunza kwamba mtu akikasirika hupiga. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 pia inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kupigwa.

Kamwe usimtikise mtoto mdogo kwa nguvu. Shingo yake ni dhaifu, na ubongo waweza kuvuja damu hata akafa. Ukihisi hasira zimekuzidi, mwache mahali salama au kwa mtu mzima unayemwamini, usogee kando upumue.

Mwone daktari lini?

Baadhi ya watoto hulia hadi pumzi zikakatika, midomo ikageuka rangi, na hata wakazirai kwa muda mfupi. Mlaze kwa ubavu, wala usimmwagie maji. Kwa kawaida mtoto hurudi kupumua mwenyewe, lakini asiporudi upesi, tafuta msaada wa dharura mara moja. Hata akipata nafuu, mpeleke kliniki apimwe, kwani huenda amepungukiwa na madini ya chuma mwilini.

Tafuta ushauri pia ikiwa mtoto hujiumiza mara kwa mara, hasira zake zinazidi baada ya miaka 4, au amefikia miaka 2 na hawezi kuunganisha maneno mawili. Yamkini hasikii vizuri, na kilio ndiyo lugha pekee aliyo nayo.

Siku nyingine mwanao akijitupa sakafuni, usiwajali wanaotazama. Wao watalipa na kwenda zao. Mtoto ndiye utakayerudi naye nyumbani.