Kuondolewa kwa Flash katika Simu za Mkononi

Kivinjari, yaani programu ambayo kwayo mtu husoma kurasa za intaneti, hapo mwanzo kilijua mambo machache: maandishi, picha zisizocheza, na viungo vya kumpeleka msomaji ukurasa mwingine. Ukurasa uliotaka kuonyesha sinema au kuchezesha katuni ulihitaji msaada wa programu nyingine iliyopachikwa ndani yake. Msaidizi huyo huitwa programu-jalizi, na jina hilo limetungwa vizuri, maana latokana na kitenzi jaliza, nayo kazi yake ni kujaliza pale palipopungua.

Iliyovuma kuliko zote ni Flash. Ilitokea mwaka 1996 kwa jina la FutureSplash Animator. Kabla mwaka huo haujaisha ikanunuliwa na Macromedia, kampuni ambayo nayo ilinunuliwa na Adobe mwaka 2005. YouTube, iliyoanza mwaka huo huo, ilionyesha video zake kwa Flash.

Mwaka 2007 kampuni ya Apple ilitoa iPhone bila Flash, na mwezi wa Aprili 2010 mkuu wake, Steve Jobs, alieneza waraka wa kueleza sababu. Wapinzani walisema kwamba alikuwa akililinda duka lake la programu, yeye alikana. Hata ikiwa wapinzani hao hawakukosea kabisa, sababu za ufundi zilikuwa za kweli. Kurasa nyingi za Flash zilitungwa kwa ajili ya kipanya: mtu alipeleka mshale juu ya neno, na orodha ikafunguka kabla hajabonyeza. Kidole hakina hali hiyo ya kuelea. Ama kimegusa, ama hakikugusa. Tena video za mtindo wa zamani hazikuweza kufumbuliwa na sehemu ya simu iliyoundwa kwa kazi hiyo, hivyo prosesa ilibeba mzigo wote na betri ikaisha upesi. Lililo kubwa zaidi ni kwamba Flash ilikuwa mali ya kampuni moja, na wengine wote walingoja kampuni hiyo irekebishe kasoro zake, za usalama na za mwendo.

Simu za Android ziliipokea mwezi wa Juni 2010. Walakini Novemba 2011 Adobe yenyewe ilitangaza kuacha kuiendeleza katika vivinjari vya simu, na Agosti 2012 ikaiondoa katika duka la Google kwa wasiokuwa nayo. Nafasi yake ilitwaliwa na HTML5, kanuni iliyo wazi kwa wote, inayokiwezesha kivinjari chenyewe kucheza video. Kompyuta zikafuata simu: Flash ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na tangu tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikakataa kufungua kazi yoyote.

Hapo ndipo hasara ilipodhihirika. Mswada wa kale wa hati za Kiarabu husomwa na yeyote aliyejifunza herufi zake na lugha yake, hata kama mwandishi amekufa karne mbili zilizopita. Faili la Flash, ijapokuwa halikuharibika hata kidogo, halifunguki bila programu yake. Video na sauti ziliweza kuhamishwa. Bali michezo, ramani na mazoezi ya wanafunzi, vitu vinavyomjibu mtumiaji, ilibidi viandikwe upya. Mara nyingi mwenye kazi alikuwa na faili lililokwisha kufungwa tu, lile la swf, na faili la kutungia, yaani fla, limepotea.

Programu iitwayo Ruffle sasa huiga Flash ndani ya kivinjari, na Internet Archive ilianza kuitumia Novemba 2020 kuhifadhi katuni na michezo. Kazi nyingi huamka nayo, hata katika simu. Ila zilizotungwa kwa ActionScript 3, lugha ya mwaka 2006, baadhi yake hazichezi sawasawa, na zile orodha zilizongoja mshale wa kipanya bado humtatiza mwenye kutumia kidole.