Mwalimu Anapofariki Baharini



Ndugu wasomaji, mwaka huu tulipata swali kutoka kwa kijana aliyehitimu hapa madrasa, ambaye sasa anasomea ubaharia Marekani. Mwalimu wao kipenzi alifariki wakiwa safarini katika meli ya mafunzo. Hakuwa Muislamu. "Ustadh," kijana akauliza, "nililia, na nikasimama safuni na wenzangu kumuaga. Je, nimekosea?"

Kwanza tuieleze hali ya meli hizo, maana wengi wetu hatuijui. Meli ya mafunzo ni chuo kinachoelea. Empire State, iliyokabidhiwa chuo cha ubaharia cha New York mwaka 2023, ina nafasi ya wanafunzi 600. Mwalimu hafundishi akaenda zake nyumbani. Anakula nao, analala chombo kimoja nao, na usiku wa manane yuko nao zamuni. Basi akifa, ni kama nyumba imepoteza mzee wake.

Zamu ya jadi ya mabaharia ni masaa manne. Kengele hupigwa kila nusu saa, ikianza mara moja hadi kufikia mara nane, na hapo zamu imekwisha. Kwa hiyo baharia akifariki, wenzake humpigia kengele nane, kuashiria kwamba zamu yake imemalizika. Bendera nayo huteremshwa nusu mlingoti. Hizi ni ada za kazi, si ibada. Tunaona hakuna ubaya Muislamu kusimama kwa adabu wakati huo. Ikisomwa sala ya dini nyingine, atanyamaza tu.

Dalili yetu ni kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Lilipita jeneza, Mtume (S.A.W.) akasimama. Akaambiwa kuwa ni la Myahudi, naye akauliza kama huyo si nafsi. Wanavyuoni wamehitilafiana iwapo hukumu ya kusimama ilibaki au ilifutwa, lakini funzo la kuiheshimu nafsi halina mjadala.

Ama machozi, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu na kuchana nguo. Jambo zito ni dua. Surat At-Tawba aya ya 113 inakataza kumwombea maghfira aliyekufa katika ushirikina. Hili linauma kwa mtu unayempenda, wala hatutalificha. Lakini kumshukuru kwa wema wake, kuwapa pole watu wake na kuwafanyia hisani, milango hiyo iko wazi.

Na wazazi wenye vijana baharini huuliza: je, akifa Muislamu huko? Ataoshwa, atakafiniwa na kusaliwa kwa takbira nne, kama nchi kavu. Ikiwa bandari iko karibu, au chombo kina chumba cha baridi cha kumhifadhi, atasubiriwa azikwe ardhini. Sahaba Abu Talha (R.A.) alifariki safarini baharini, na wenzake hawakupata kisiwa cha kumzika mpaka baada ya siku saba, na mwili wake haukuharibika. Ikichelewa bila budi na ikahofiwa kuharibika, atateremshwa majini. Imam Shafi amesema awekwe baina ya mbao mbili, huenda mawimbi yakamfikisha pwani akapata wa kumzika. Wengine wamesema afungwe kitu kizito azame. Jamaa walio mbali wanaweza kumsalia sala ya ghaibu, kama Mtume (S.A.W.) alivyomsalia Najashi wa Uhabeshi.

Kijana tulimjibu kwamba hakukosea. Tukamshauri amwandikie mjane wa mwalimu na kumtajia lile alilojifunza kwa mumewe. Aliandika kuhusu usiku mmoja wa dhoruba, alipokosea kusoma ramani, na mwalimu badala ya kumkaripia akavuta kiti, wakaanza upya pamoja.