Je, Wajua? Hifadhidata Iliyo Mfukoni Mwako
Simu yako, iwe ya Android au iPhone, imebeba hifadhidata ya SQLite, iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000. Ikitafuta neno, si lazima isome maandishi yote. Sehemu yake iitwayo FTS5 hutunza faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu. Swali la kutafuta nalo huandaliwa mara moja, alama ya “?” ikishika nafasi ya neno: tia “samaki”, kisha “dagaa”, maandalizi hayarudiwi. Lakini Kiswahili huitatiza FTS5. Ukitafuta “soma”, “anasoma” haionekani, maana hapo viambishi vimetangulia mzizi. Tangu Desemba 2020 FTS5 inaweza kukata maneno kwa herufi tatu tatu, na hapo “soma” huonekana ndani ya “anasoma”. Waundaji wa programu za Kiswahili, itumieni njia hiyo.