Kindege Hakidanganyi, Lakini Unaliwa

Mkeka wa kubeti ukichanika, swali la kwanza huwa lile lile: hawa jamaa wanachakachua? Ni swali la haki, na katika historia ya kamari za mtandaoni kuna waliochakachua kweli. Hata hivyo, kwa tovuti kubwa yenye leseni, swali hilo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote. Unaweza kupewa ushahidi kamili kwamba hakuna aliyegusa matokeo, na bado usijue lolote kuhusu usalama wa pesa yako. Uadilifu wa mchezo na usalama wa mchezaji ni mambo mawili yanayopimwa kwa vipimo tofauti, na matangazo ya kampuni za kubeti hupenda sana kulizungumzia la kwanza.

Tuanze nalo basi, maana ndilo lenye sayansi ya kuvutia. Kompyuta haina kete mfukoni. Ikitakiwa kutoa namba za bahati, huanza na namba moja inayoitwa mbegu, kisha huizungusha kwa kanuni za hesabu mpaka upatikane mlolongo usioonekana kuwa na mpangilio wowote. Mbegu ikiwa ile ile, mlolongo utakuwa ule ule, kwa hiyo anayeijua mbegu anajua kila kitakachofuata. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa programu nchini Marekani walilionyesha jambo hili katika mchezo wa poka wa intaneti. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi mno: 8 ikifuatwa na sifuri 67. Lakini programu ile, ambayo kanuni yake ya kuchanganya karata ilikuwa imechapishwa hadharani ili kuwatuliza wachezaji, ilichukua mbegu yake kutoka kwenye saa ya kompyuta, yaani idadi ya milisekunde zilizopita tangu saa sita usiku. Siku nzima ina milisekunde milioni 86.4 tu. Wataalamu wale walipolinganisha saa yao na ya seva, walibakiwa na mipangilio kama 200,000 ya kujaribu, na kompyuta ya kawaida huimaliza kazi hiyo mara moja. Wakishaona karata chache tu, walijua kila mchezaji ameshika nini. Hapakuwa na mwizi ndani ya kampuni. Kulikuwa na uzembe wa hesabu. Siku hizi maabara huru kama GLI na eCOGRA hukagua mitambo ya namba kabla haijaanza kutumika, na kosa la namna ile si rahisi lipite.

Michezo ya ndege imekwenda hatua moja mbele. Ulio maarufu zaidi Afrika Mashariki ni Aviator wa kampuni ya Spribe, uliotoka mwaka 2019: kindege kinapaa, namba ya kuzidishia dau inapanda, na wewe unatakiwa kutoka kabla hakijapotea. Kabla ya raundi, seva huchagua mbegu yake ya siri na kuionyesha ikiwa imefungwa. Hupitishwa kwenye kanuni iitwayo heshi, ikatoka mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Kutoka kwenye mbegu kwenda kwenye heshi ni kufumba na kufumbua, ila kuirudisha heshi iwe mbegu ni kazi isiyowezekana kwa kompyuta zilizopo. Ukigusa tarakimu moja tu ya mbegu, heshi nzima inabadilika. Mbegu hiyo huunganishwa na nyingine zinazotoka kwa wachezaji wa kwanza kuweka dau katika raundi, na mchanganyiko huo ndio unaoamua kindege kitapotelea wapi. Raundi ikiisha mbegu hufichuliwa, na yeyote anayetaka anaweza kurudia hesabu mwenyewe. Ni ubunifu mzuri kweli. Unathibitisha kwamba kampuni haikubadilisha matokeo baada ya kuona nani ameweka kiasi gani. (Unathibitisha pia kwamba programu zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kutabiri kindege ni utapeli. Mtu aliyeweza kuivunja heshi asingehangaika kutafuta wateja Telegram.)

Lakini angalia kile ambacho heshi haikisemi. Haisemi bei. Aviator hutangazwa kuwa unarudisha 97% ya madau, maana yake katika kila shilingi 100 zinazowekwa, wastani wa shilingi 3 haurudi. Kwa mchezo wa aina hii, uwezekano wa kindege kufika mara 2 ni 48.5%, kufika mara 10 ni 9.7%, na kufika mara 100 haufiki hata 1%. Zidisha kila uwezekano kwa malipo yake utapata 97 ile ile, kwa hiyo hakuna mahali pa kutokea penye afadhali kuliko pengine, na mbinu zote za kutoka mapema au kuvumilia zinaishia kwenye bei moja. Asilimia 3 inaonekana ndogo. Tatizo ni kwamba huilipi kwa siku wala kwa mkeka, bali kwa raundi, na raundi huchukua sekunde chache. Anayecheza raundi 120 kwa saa, kila moja kwa shilingi 100, ameweka mezani shilingi 12,000 ndani ya saa hiyo hata kama aliingia na elfu moja tu, maana pesa ile ile inazunguka. Wastani wa anachokatwa ni shilingi 360 kwa saa.

Linganisha na mkeka wa mpira, ambao kwa bei ni ghali kupita kiasi. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa kabisa. Odi ya haki ingekuwa 2.00, lakini tovuti inaweza kukupa 1.85 kila upande, hivyo inakurudishia wastani wa 92.5% ya dau. Sasa panga mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Odi zinazidishana mpaka karibu 470, na shilingi 100 inaahidiwa kuwa 47,000, kiasi kinachosisimua. Nafasi ya mechi zote kumi kukubali ni moja kati ya 1,024, hivyo malipo ya haki yangekuwa 102,400. Makato ya kila mechi nayo yamezidishana, na kinachobaki ni wastani wa shilingi 46 kwa kila 100. Zaidi ya nusu ya dau imeliwa kabla refa hajapuliza filimbi ya mechi ya kwanza. Kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo bei inavyopanda, na ndiyo maana bonasi hutolewa kwa mikeka mirefu, si mifupi. Hata hivyo, mtu anayeweka mkeka mmoja kama huo kwa wiki hupoteza wastani wa shilingi 54, wakati yule wa kindege, mwenye mchezo uliothibitishwa kwa heshi na bei nafuu mara 18, amepoteza 360 kwa saa moja. Usalama hupimwa kwa bei ikizidishwa kwa kasi, na cheti cha maabara kinachosifia mtambo wa namba hakisemi neno juu ya kasi.

Wapo watakaosema: mimi nimecheza miezi, naijua tovuti yangu, inalipa. Takwimu zinakataa ushahidi huo. Ukitoka kwenye mara 2 kila raundi, baada ya saa moja zaidi ya theluthi ya wachezaji wako juu kwa bahati tu. Baada ya saa 10 bado mmoja kati ya saba hivi yuko juu, na huyo ndiye utakayemsikia kijiweni, kwa kuwa wengine sita hawana cha kusimulia. Kinyume chake ni kweli pia: aliyeliwa mfululizo hawezi kudai ameibiwa. Kutofautisha mchezo unaorudisha 97% na ule unaorudisha 95% kunahitaji raundi kama 10,000, yaani zaidi ya saa 80 za kucheza bila kubadili dau, na hapo utakuwa na uhakika wa kadiri tu. Hisia za mchezaji hazina uwezo wa kukagua tovuti, iwe anaisifu au anailaani.

Na hisia zenyewe zina wanaozishughulikia. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha katika jarida la Neuron matokeo ya kuwapiga watu picha za ubongo wakati wakicheza mashine ya kamari. Kukosa kidogo tu, picha ikisimama nafasi moja kabla ya ushindi, kuliamsha sehemu zile zile zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na kuliongeza hamu ya kuendelea, ingawa wachezaji waliliona jambo lenyewe kuwa la kuudhi. Mkeka wa mechi 10 uliochanwa na timu moja hufanya kazi hiyo hiyo, na kindege kilichopaa mpaka mara 40 sekunde chache baada ya wewe kutoka huifanya tena na tena. Mdhibiti wa kamari wa Uingereza alilitambua hili, na kwa michezo ya sloti za mtandaoni alipiga marufuku, kuanzia Oktoba 2021, mzunguko wa chini ya sekunde 2.5, uchezaji wa kujiendesha wenyewe, na shangwe za ushindi pale ambapo malipo hayazidi dau. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu uchakachuaji. Yote yanahusu mchezo halali kabisa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa wapenzi wa soka: mpira si bahati nasibu, anayejua anashinda. Ni kweli kwamba ujuzi upo. Mwaka 2017 Lisandro Kaunitz na wenzake walionyesha kwamba wastani wa odi za kampuni nyingi unakadiria uwezekano vizuri sana, na kwamba mtu akibeti pale tu kampuni moja inapotoa odi kubwa kupita wastani huo anaweza kupata faida. Walijaribu kwa pesa halisi, wakapata. Baada ya miezi michache kampuni zikaanza kuwawekea mipaka ya dau. Hapo ndipo penye kipimo cha uadilifu ambacho matangazo hayakigusi: je, tovuti inampokea mshindi kama inavyompokea aliyeliwa? Soma vigezo na masharti, hasa sehemu inayoipa kampuni haki ya kupunguza dau au kufuta mkeka kwa hiari yake.

Leseni je? Ni lazima iwepo, na namba yake itafutwe kwenye orodha ya mdhibiti mwenyewe, si kwenye nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa. Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kenya imepata sheria mpya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966 iliyoandikwa kabla ya simu za mkononi kuwapo. Uganda hairuhusu aliye chini ya miaka 25. Bila leseni huna pa kushtaki pesa zikizuiwa. Ila leseni ni mwanzo tu wa ukaguzi. Tovuti ya poka ya Absolute Poker ilikuwa na leseni, na kasoro yake haikuwa katika kuchanganya karata, lakini mwaka 2007 ilifichuka kwamba kulikuwa na akaunti iliyokuwa ikiziona karata za wapinzani. Waliogundua ni wachezaji waliochambua rekodi za michezo, si mdhibiti.

Kuna wanaosema mtu mzima ana haki ya kulipia burudani yake, kama anavyolipia tiketi ya uwanjani. Sina ugomvi na hilo, ila tiketi huandikwa bei, na ukishaikata hukatwi tena kila mpira unapogusa nyavu. Ripoti ya tume ya jarida la Lancet Public Health ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba watu wazima wapatao milioni 80 duniani wana uraibu wa kamari au hucheza kamari kwa namna yenye matatizo. Kwa hao, neno burudani halifai.

Kwa anayetaka kupima tovuti kwa mkono wake, sehemu ya kupima ni ile ya kutokea. Weka kiasi kidogo, kisha omba kukitoa kabla hujakichezea chote, uhesabu hatua na saa. Kuweka pesa kutoka kwenye simu huchukua sekunde, na kutoa kukichukua siku, vitambulisho vipya na ujumbe wa bonasi inayokusihi ubaki, una jibu. Tafuta kitufe cha kujifungia akaunti, uone kama kipo mbele au kimefichwa nyuma ya mazungumzo na mhudumu. Angalia kama ombi la kutoa pesa linaweza kutenguliwa ukiwa umekasirika saa nane usiku. Uingereza wamelikataza hilo. Halafu jiwekee kikomo cha kuweka pesa na ujaribu kukibadilisha pande zote mbili: kwa kanuni za Uingereza, kukipunguza hutakiwa kuanza kazi haraka iwezekanavyo, na kukiongeza husubiri saa 24.