Kasiksi haipendi safari: kwa nini meza ikae karibu na shamba



Siku hizi picha zinazunguka kwenye simu zetu: mtu wa Ufaransa ana shamba dogo la zabibu, anakamua mwenyewe, anaacha maji yake yachachuke bila kuongeza kitu, na palepale kuna restora yenye meza sita ambako wageni wanakula na kunywa kile kilichotoka shambani. Wanaita hiyo divai ya asili. Rafiki mmoja wa promosyo yetu aliniuliza: "Agronomi, sisi huku tutafika hapo lini?"

Nilimjibu kwamba huku tuko hapo tangu zamani, ila hatujaiita kwa jina hilo. Ukipanda kutoka Sake kuelekea Masisi, utakuta nyumba ambako mama anakamua ndizi nyuma, anauza kasiksi mbele, na katikati kuna jiko la maharagi, viazi na mishikaki ya mbuzi. Tunaita kabare na tunapita haraka, juu tulisoma. Leo nataka tusimame hapo kidogo.

Kwanza, tuelewane juu ya neno "asili". Mwaka 2020 Ufaransa ilikubali alama inayoitwa Vin Méthode Nature. Masharti yake makubwa ni haya: zabibu za kilimo bila dawa za kemikali, kuvuna kwa mkono, chachu ileile inayotoka shambani na kwenye nyumba ya kukamulia, na hakuna nyongeza. Kitu pekee wanachovumilia ni salfaiti kidogo sana, chini ya miligramu 30 kwa lita. Sasa linganisha na kasiksi.

Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Zinawekwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, zinafunikwa, zinapata joto. Baada ya siku nne mpaka sita hivi, wanga umegeuka sukari. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti, na zinapondwa pamoja na majani makavu. Majani yale yana kazi: yanashika nyama ya ndizi ili maji yatoke safi. Hayo maji matamu njo mutobe, hata mtoto anakunywa. Ukiongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, ukafunika kwa siku moja mpaka tatu, chachu inakula sukari na kutoa pombe na hewa. Sasa ni kasiksi. Hakuna mtu aliyenunua chachu kwenye duka. Ilikuwa tayari kwenye ganda la ndizi, kwenye mtama, kwenye mbao za mtumbwi.

Na kwa nini isiwe zabibu? Kwa sababu zabibu inataka kipindi kirefu cha ukavu. Ndiyo maana Tanzania wanalima zabibu Dodoma, sehemu kavu, na wanavuna mara mbili kwa mwaka. Masisi mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Majani ya mzabibu yangeliwa na ukungu kabla hujaona tunda. Kila udongo una divai yake. Ukiteremka Walikale, kwenye joto la msitu, divai ya pale ni malafu, maji ya mchikichi. Asubuhi ni matamu, jioni yana nguvu, kesho yake yameanza kuwa siki.

Hapo njo tunafika kwenye jambo lenyewe. Vinywaji hivi viko hai. Chachu haijui kwamba umeshauza. Ndani ya bidoni inaendelea kufanya kazi, hewa inajaa, kifuniko kinavimba, na baada ya siku tatu ama nne bakteria za siki zinachukua nafasi. Bralima inaweza kupeleka chupa mbali kwa sababu bia yake imechujwa na kupashwa moto ili vijidudu vife. Kasiksi haina hiyo ruhusa.

Ongeza sasa barabara zetu. Mwaka 2017 shirika la utafiti IPIS la Ubelgiji lilitoa hesabu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili: 798. Kila kamba ni pesa na ni saa. Mwenye kununua bidoni Masisi ili aiuze Goma anajua hayo yote, kwa hiyo anayaondoa kwenye bei ya mama kabla hajampa hata franga moja. Mama analipa barabara ambayo hajapita. Na gari likilala njiani kwa sababu ya matope ama risasi, kinachofika ni siki.

Lakini bidoni moja ya lita 20 ina vikombe 40 vya nusu lita. Ikinywewa palepale, vikombe vyote 40 vinalipwa bei ya kikombe, na hakuna kamba katikati ya mtumbwi na meza. Mtu anayekunywa ana njaa, kwa hiyo sahani inauzwa pamoja. Maganda ya ndizi yanakwenda kwa mbuzi na nguruwe. Masalio ya kukamua yanakuwa mbolea ya migomba. Kasiksi iliyochacha kupita kiasi haimwagwi wala haipelekwi kutengeneza kanyanga. Inaachwa iwe siki kamili ya kulowesha pilipili na vitunguu vya mezani. Na fromaji ya Masisi, ile ya mviringo ambayo watu wa Goma na Kinshasa wanaitafuta, ikikatwa vipande pembeni ya kasiksi kavu, mgeni hataomba kitu kingine. Restora hapa si pambo. Ndiyo njia fupi kuliko zote kati ya mkulima na pesa yake.

Lakini neno "asili" lina upande mwingine ambao kwenye picha hauonekani. Kasiksi haichemshwi. Chochote kilichoingia ndani, kinabaki ndani. Ukiongeza maji ya mto bila kuyachemsha, umeongeza mto mzima, na kipindupindu hapa kwetu hakijawahi kwenda mbali. Kwa hiyo maji yachemshwe na kupoa, mikono ioshwe kwa sabuni, mtumbwi usuguliwe na kukauka juani, na bidoni isiwe ile iliyobeba mafuta ama dawa. Divai ya kiwandani inaweza kurekebishwa na dawa mwishoni. Hii yetu inarekebishwa mwanzoni tu.

Na mwanzo wenyewe ni mgomba. Hapa niruhusuni niseme kosa langu.

Nilipokuwa kwenye staji, nilimkuta mama mmoja, mjane, mwenye kabare ndogo. Kwenye shamba lake mashina machache yalikuwa na majani ya njano yaliyonyauka, ua la chini limekauka, na ndizi zimeiva kabla ya wakati. Nilikata shina moja, ukatoka utomvu wa njano. Nilijua jina lake mara moja: mnyauko wa bakteria, Xanthomonas. Ugonjwa huu ulionekana katika nchi yetu kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na ulionekana hukuhuku Masisi. Ndizi yake ikiwa na ugonjwa, ndani inakuwa ya kahawia, haitoi maji. Hakuna mutobe, hakuna kasiksi, hakuna meza.

Nikamwambia kama ilivyokuwa kwenye daftari langu: "Mama, ng'oa shina zote za hapa, na visukari vyake vyote, halafu choma."

Aliniangalia. "Mwana wangu, ni hii migomba njo inalipaka minerval ya batoto. Nikingoa yote, utanilipia weye?"

Alikataa. Alikata tu yale mashina yenye ugonjwa, akaacha mengine. Niliandika kwenye ripoti kwamba mkulima hana ufahamu.

Baadaye, nikisoma kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho, nilikuta utafiti uliofanywa katika eneo letu ukionyesha kwamba bakteria haienei lazima katika shina zote za kisiki kimoja. Ukikata tu shina lenye ugonjwa, usawa wa udongo, mara tu unapoliona, na ukarudia kila wiki bila kuchoka, ugonjwa unashuka sana na shamba linaendelea kuzaa. Mama alikuwa karibu na ukweli kuliko daftari langu. Alichokosa ni mambo mawili ambayo ningeweza kumpa: kusafisha panga kwa moto ama kwa maji ya javel baada ya kila shina, na kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho ikitokeza. Wadudu wanachukua bakteria kwenye lile ua. Na kijiti, siyo kisu, kwa sababu kisu kinabeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Vitu viwili visivyo na bei. Mimi nilimpa amri.

Najua mtu ataniuliza: "Restora gani, na vita hii?" Ni swali la haki. Machi 2025 mapigano yalifika mpaka Walikale-centre, na watu wengi wa Masisi wamekimbia zaidi ya mara moja. Shamba lililoachwa miezi sita bila mtu wa kukata mashina yenye ugonjwa linarudi likiwa limeungua na mnyauko. Sisemi kasiksi italeta amani. Nasema kwamba siku watu wanaporudi, mgomba ni kati ya vitu vya kwanza vinavyowangoja, na mtumbwi wa kukamulia hauhitaji mkopo wa benki.

Kwa hiyo wewe uliyemaliza agronomia, lishe, kemia ama uchumi, na unangoja tangazo la ONG: tafuta kabare moja karibu na kwenu. Usiende kufundisha siku ya kwanza. Kaa, kunywa kidogo ama omba mutobe, uliza hesabu ya bidoni. Pima joto, pima sukari ukipata chombo, andika siku ambayo kasiksi inaanza kuchacha. Mwonyeshe kijiti chenye panda. Saidia kuweka sabuni kwenye mlango wa jiko.

Na kwenye ripoti yako, kabla hujaandika kwamba mkulima hana ufahamu, muulize kwanza minerval inatoka wapi.