Malaika katika ukumbi wa kusomea

Karatasi inageuzwa, kiti kinaburutwa, mtu anakohoa kisha anajizuia. Kila aliyewahi kusoma katika maktaba kubwa anazijua sauti hizo. Mwaka 1987 mwongozaji wa filamu Wim Wenders aliziongezea nyingine, ambayo sikio la kawaida haliipati: mawazo ya wasomaji wenyewe.

Filamu yake, *Der Himmel über Berlin*, inawafuata malaika wawili waliovaa makoti marefu. Wanaingia Maktaba ya Taifa ya Berlin, wanasimama nyuma ya wasomaji, wanainama taratibu na kusikiliza. Minong'ono ya lugha mbalimbali inapishana mpaka inakuwa kama kwaya.

Jengo lenyewe ndilo lililoiwezesha picha hiyo. Msanifu wake, Hans Scharoun, hakuwafungia wasomaji katika vyumba. Aliwatandazia ukumbi mmoja mpana, wenye sakafu zinazopandana kama matuta ya shamba la mlimani, ngazi zinazokutana katikati, na dari yenye matundu ya duara yanayomwaga mwanga. Aliyeketi chini anamwona wa juu, na wa juu anawaona wote. Kamera ya mpiga picha wa filamu hiyo, mzee Henri Alekan, ikapata njia ya kuelea humo bila kugonga ukuta. Katika maktaba ya vijichumba, malaika hao wangelazimika kufungua milango!

Scharoun hakuiona filamu, wala maktaba yake ikifunguliwa. Alifariki mwaka 1972. Milango ilifunguliwa 1978. Wenders alipopiga picha zake, Ukuta wa Berlin ulikuwa bado umesimama, karibu kabisa na hapo. Ndiyo maana ukumbi ule usio na kuta za ndani unagusa moyo zaidi ya uzuri wake.

Maktaba nyingine inakusanya lugha nyingi si kwa minong'ono bali kwa jiwe. Huko Alexandria, Misri, msanii Jorunn Sannes wa Norway alishiriki kuupamba ukuta wa nje wa maktaba iliyofunguliwa mwaka 2002. Ukuta huo mkubwa, uliopinda, ni wa jiwe gumu la itale kutoka Aswan, nao umechongwa alama za maandishi ya dunia yapatayo 120. Hazitamki neno lolote. Anayetafuta sentensi ataambulia patupu. Anayezitazama kama michoro atakuta mikunjo, nukta na mikia ya herufi, na vivuli vyake vikisogea kadiri jua linavyohama.